Mishono Mirefu ya Usumani

Kaka yangu Usumani ni baharia, na sisi ni watu wa Nyakabanda, ambako maji mengi tunayoyajua ni ya jerikani. Alianza kama fundi wa nguo kwenye baraza la baba yetu, Ilyasi. Akaenda Dar es Salaam kushona maturubai ya boti, na huko akachukuliwa na meli ya mizigo inayokwenda kwa upepo. Ina milingoti mitatu, inavusha kahawa na kakao. Kazi yake ni kuvuta kamba, kukaa zamu, na kushona matanga yanapochanika.

Mwaka huu alirudi likizo. Nilikuwa namnyonyesha mwanangu Kaze mlangoni nikamsikia akimweleza mkewe, Yasmina. Tanga aliloshona lilipasuka katikati ya safari, palepale kwenye mshono wake. Mkuu wa sitaha alimwambia ajifunze upya, atume video ya mshono wake kabla likizo haijaisha. Asipoweza, nafasi yake atapewa mwingine.

Kosa lenyewe lilikuwa la fundi mzuri. Baba alimfundisha mishono midogo, iliyobanana. Kwenye suruali hiyo ni sifa. Kwenye tanga, kila tundu la sindano linadhoofisha kitambaa, na upepo unafuata matundu.

Basi akawa anakaa barazani na shazia, ile sindano nene ya magunia, ngozi ya kusukumia sindano imefungwa kiganjani, anajaribu mishono mirefu. Mikono ikakataa. Anaanza vizuri, akifika katikati mishono imeshakuwa midogo tena.

"Bwana baharia," akasema Nzeyimana, fundi wa cherehani ya pili, "Wazungu wamekufundisha kushona gunia ya viazi?"

Baba hakucheka. Alisema kazi ile isikae mbele ya duka lake, wateja watadhani ni yake. Halafu akachukua kipande cha kitambaa kilekile, akakishona mwenyewe kwa mishono yake midogo, ili tuone kazi ya fundi.

Usumani akavitundika vipande vyote viwili, chake na cha baba, kwenye boriti, kila kimoja kikibeba gunia la makaa, akayasukuma magunia yakawa yanabembea. Kipande cha baba ndicho kilichochanika, kwenye mstari wa matundu ulionyooka kabisa, makaa yakamwagika barazani. Yasmina akaenda kuleta ufagio bila kumtazama mtu.

Baba akapitisha kidole gumba kwenye matundu.

"Yako ni mbaya kuangalia," akamwambia Usumani. "Lakini iko nashika."

Kisha akaleta rula ya mbao, ileile aliyokuwa akimgonga nayo utotoni kila mshono ulipokuwa mrefu. Akaketi karibu naye, na kila mshono ulipokuwa mfupi akamgonga kifundo cha mkono, taratibu tu. Wakashinda hivyo, mpaka Kaze akawa anacheka kila rula inaposhuka.

Siku ya kurekodi video, mimi ndiye niliyeshika simu. Jibu lilikuja Yasmina akiwa anachambua mchele: arudi melini. Yasmina akauliza lini, akaambiwa, akaendelea kuchambua.

Kitambaa kilichobaki, chenye mishono ya Usumani, baba amefunikia cherehani yake. Mteja akikitazama, baba humwambia kabla hajaulizwa kwamba mishono ile si yake, ni ya mwanawe, na kwamba imeshapimwa.