Mstari wa Kuzaliwa

Wanafunzi wa udaktari wa meno walimwita Mzee Gazeti, wakidhani ni mraibu wa habari. Masikini, hata aliyeshinda uchaguzi hakuwa akimjua. Kipande cha gazeti alichotembea nacho mfukoni kilikuwa kipimo chake cha kazi. Alilisugua jino kwenye msasa wenye maji, upande huu na upande ule, mpaka likawa jembamba kuliko kucha, kisha akaliweka juu ya gazeti. Herufi zikisomeka kupitia jino, liko tayari: linabandikwa kwenye kioo na kwenda chini ya hadubini. Zisiposomeka, anasugua tena. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyemfikia.

Macho ndiyo yaliyomsaliti. Ukungu ulianza jicho la kulia, ukahamia la pili. Hakumwambia mtu, na mimi msaidizi wake nikajifanya sijui. Akitoka kunywa chai nilirudia kazi zake zilizoharibika, nikazipanga mahali pake kama vile ni zake. Ningesema, wangemwondoa kabla ya siku yake ya kustaafu. Nilijiona mwema kweli.

Mwezi wake wa mwisho kazini alikuja na kiberiti. Ndani mlikuwa na jino moja la utoto, la binti wa pekee wa Mzee na mkewe, waliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Jino lilimtoka akiwa na miaka sita, na kabla hajatimiza saba homa ikamchukua. Picha zake ziliharibika paa lilipovuja. Jino ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limeanza kumeguka.

"Nimemwahidi mama yake," aliniambia. "Likikaa kwenye kioo halimeguki tena. Na mstari wa kuzaliwa atauona mwenyewe."

Mstari huo ni mweusi, mwembamba kama unywele, ndani ya ganda gumu la jino. Upande mmoja wa ganda uliumbwa mtoto akiwa tumboni, upande wa pili akiwa duniani. Kwenye mstari ndipo alipozaliwa.

Alisugua asubuhi nzima. Akaliweka jino juu ya gazeti, akainama, akapepesa macho.

"Bado nene," akasema.

Nilikuwa nyuma ya bega lake, na herufi nilizisoma zote. Lakini kumwambia liko tayari ni kumwambia najua huoni, na nimejua mwaka mzima. Nikajipa moyo kwamba akisugua mara moja zaidi halitadhurika. Akasugua. Akalitazama tena, akatikisa kichwa, akasugua tena. Ganda likapukutika lote, likaenda na maji kwenye beseni.

Alipapasa msasa kwa kidole. "Liko wapi?"

"Limekwisha, Mzee."

Hakupandisha sauti. Alikaa na mikono yake iliyolowa mapajani. "Wewe ulikuwa unaziona herufi?"

Nikaanza kuufuta msasa. Mtu mzima yule, akaelewa.

"Anakuja Ijumaa," alisema baadaye. "Nitafutie jingine, binti. La mtoto wa umri ule. Mimi siwezi kuchagua."

Tuna chupa ya meno yanayoletwa kutoka zahanati, hayana majina. Nilichagua moja, nikalisugua mwenyewe, likatoka zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya. Hilo nalo liliniuma.

Ijumaa mama alikuja amevaa nguo yake ya kutokea. Akainamia hadubini, nami nikamwelekeza mahali pa kutazama.

"Hapa ndipo nilipomzaa?"

"Hapo hapo, mama."

Mumewe alikuwa ameugeukia ukuta.

Mzee amestaafu na hatoki tena nyumbani. Mkewe anakuja kila Ijumaa, kwa sababu hadubini iko huku. Namvutia kiti, namwekea mtoto wa mtu mwingine, naye anazungumza na Chiriku kwa sauti ya chini. Mara mbili nimetaka kumwambia, nikashindwa. Juzi aliniuliza kama mstari ule unaweza kufutika. Nilimwambia haufutiki.