Kopo la Kipara

Mama yangu anauza mchele wa Igunga sokoni Nzega, na mkono wake wa kupimia ni maarufu kuliko mchele wenyewe. Anachota kopo, analitikisa, anaongeza mpaka juu kuwe na kilima na punje zianze kuporomoka pembeni. Akishamimina kwenye mfuko wa mteja anatupia kiganja kimoja cha nyongeza, macho yake yakiwa kwingine, kama vile mkono umefanya wenyewe. Muuzaji anayesawazisha kopo humwita mwenye kopo la kipara, na sijamsikia mama akimtukana mtu tusi kubwa kuliko hilo.

Mimi nimelelewa kwenye meza hiyo. Nilipopata kazi ya kugawa chakula katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, mama alinisindikiza stendi na wosia mmoja tu.

"Usiwe mchoyo huko, mwanangu. Mtu aliyekimbia kwake usimpimie kwa roho mbaya."

Msimamizi wetu alikuwa baba wa makamo aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtoto wa wazazi waliokimbia Burundi. Alikuwa mpole na mcheshi, lakini siku yangu ya kwanza alinikabidhi kopo la maharage pamoja na rula ya mbao, akaniambia kila kopo nilikate juu, liwe bapa. Kipara kabisa. Nilimwitikia kwa heshima, na moyoni nikamhukumu palepale kwamba kambi imemkausha roho.

Mstari ulikuwa mrefu tangu asubuhi. Wengi walikuwa na wiki chache tu tangu watoke mashariki ya Kongo, na kila pikipiki iliponguruma kwa mbali wanawake waliangalia angani kwanza, kisha ndipo barabarani. Bibi mmoja aliyekuwa karibu na mwanzo wa mstari alinieleza sababu. Mabomu yaliyovunja kijiji chao yaliletwa na kadude kadogo kanakonguruma juu, kasiko na rubani.

"Zamani vita ilikuwa na watu," alisema. "Sasa hauone mwenye anakuua."

Walikimbilia kambi ya walinda amani, wakalala siku nne nje ya senyenge, na ndani walinda amani nao walikuwa wamejikunyata kwenye mahandaki. Nilitegemea awalaani. Alitikisa kichwa tu. "Watoto wa watu wale. Nao waliogopa."

Bibi huyo ningempimiaje kopo la kipara? Nikaichomeka rula mfukoni. Nilimpa kilima, na juu yake kiganja. Aliyemfuata naye nikampa, na mwingine, na mwingine. Watu walinicheka kwa mapenzi, wakaniombea baraka, na mimi nikajiona binti wa mama yangu kweli kweli. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi namna ile.

Alasiri nilikung'uta gunia la mwisho. Mbele yangu zilikuwa zimebaki familia tisa.

Msimamizi alisema nikawaambie mwenyewe, na nikawaambia. Mwanamke aliyekuwa wa mwisho kabisa alikuwa amekaa juani tangu asubuhi na watoto wawili. Maneno yaliponikatika, nikaanza kulia mbele yake, mtu mzima mimi, nimevaa na kizibao cha kazi.

"Usilie, mama," aliniambia. "Sisi tuko hapa tu. Hatuna fasi ya kwenda." Kisha akaukunja mfuko wake mtupu taratibu, mara mbili, akaubana kwapani. Kule kuukunja vizuri ndiko kulikoniumiza zaidi.

Msimamizi hakunigombeza. Aliichomoa rula mfukoni mwangu, akaifuta vumbi kwenye suruali yake.

"Mama yangu alikuwa na mguu mbovu," alisema. "Kila mgao pale Ulyankulu alifika wa mwisho. Rula kama hii ndiyo iliyotulisha."

Baadaye yule bibi alisikia kilichotokea, akarudi na mfuko wake na kumimina kilima chake kwenye turubai letu. Wengine kadhaa wakafuata, si wote. Yalipatikana maharage ya familia sita. Tatu zilisubiri mpaka kesho yake mchana, kibali cha kufungua ghala kilipokuja, na familia ya yule mama wa mwisho ilikuwa mojawapo. Tangu siku hiyo nilikata kila kopo. Kambini wakanibatiza dada kipara, na yule baba wa Ulyankulu, ambaye nilimpenda sana mwishowe, ndiye aliyelitangaza jina hilo kwa bidii kuliko wote.

Nilipokuja likizo nilimsimulia mama yote. Alisikiliza huku akichambua mawe kwenye ungo.

"Yule wa mwisho," aliuliza, "alilala na nini?"

"Uji, mama. Jirani aliwagawia."

Akaendelea kuchambua.

Kesho yake sokoni aliniachia meza akaenda kumjulia hali mwenzake mgonjwa wa meza ya pili. Akaja mteja wake wa siku nyingi. Nikachota mchele, na kabla sijafikiri, ukingo wa kiganja changu ulishapita juu ya kopo, sawasawa. Mteja aliliangalia kopo, akaniangalia mimi. Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama pembeni, ameona kila kitu, nami nikajiandaa kusemwa.

Alinishika mkono, mkono uleule uliokata, akauweka juu ya mchele.

"Kule ulifanya vizuri," alisema. "Lakini huyu nyuma yake hakuna mtu. Jaza, mwanangu."

Nikajaza mpaka punje zikaporomoka. Ila kabla ya kutupia nyongeza nilichungulia kwanza nyuma ya yule mteja, kuhakikisha.