Kuanguka Kabla ya Kuangusha

Asubuhi ile niliondoka bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimekuta godoro letu la mazoezi limechanwa kwa kisu kutoka pembe hadi pembe, makapi ya mpunga yamemwagika chumba kizima. Mimi na wanafunzi wangu tulikuwa tumelishona wenyewe kwa turubai kuukuu na kulijaza makapi ya kinuni, ili watu waanguke bila kuvunjika. Aliyelichana hakuiba kitu. Alikuwa akitafuta. Na mtu anayekutafutia bunduki ndani ya godoro leo, kesho anakutafuta wewe. Nikatia kimono yangu kwenye gunia, nikaweka mkanda juu yake, nikatoka. Nilitaka jambo moja tu: kuwa nje ya Kisangani kabla mtu hajaamua mimi ni wa upande gani.

Nilikuwa nafundisha judo. Siku hizi neno hilo halimshtui mtu. Wakati wa uasi, mtu aliyefundisha wenzake kukamatana na kuangushana nyuma ya ukuta ilikuwa lazima awe anamtengenezea mtu jeshi. Mji ulipokuwa mikononi mwa serikali, waliniuliza kama nafundisha waasi. Waasi walipouchukua, wakaniuliza kama nafundisha askari wa serikali. Majirani hawakuuliza. Waliacha tu kunisalimia. Wanafunzi nao wakapungua, na kila aliyebaki nilimtazama nikijiuliza kwa nini yeye haogopi.

Shule niliiacha mapema, kwa sababu madirisha ya darasa yalitazama mto na kila chombo kilichopita nilitaka kujua kinakwenda wapi. Nikapata kazi ya kufagia ukumbi ambamo Mbelgiji mmoja, karani wa posta, alifundisha judo wazungu wenzake jioni. Wanafunzi wake walilalamikia migongo, hakuna aliyependa kuangushwa. Akaniita mimi niache ufagio. Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa hiyo, kuanguka. Kumwangusha mtu sikuruhusiwa. Mweusi angemwangushaje mzungu mbele ya mkewe? Kwa hiyo niliijua sakafu kabla sijajua kitu kingine chochote cha mchezo ule. Uhuru ulipofika, yule karani akaondoka na sanduku moja, akaniachia kimono. Mpaka leo sijui kama ilikuwa zawadi au hakuwa na nafasi.

Nikashuka mto hadi Barumbu, nikafundisha wavuvi kwenye mchanga mpaka nikachoka kukaa mahali pamoja, nikarudi Kisangani. Nilifundisha kama nilivyojifunza: kwanza kuanguka, tena na tena, mpaka mwili uache kuiogopa ardhi. Mwenye haraka ya kuangusha wengine alichoka akaenda zake, na hilo lilinifaa. Vijana wa zile familia za Kiislamu za wafanyabiashara wa zamani walikataa kumwinamia mtu kabla ya mchezo, wakasema wao humwinamia Mungu peke yake. Tukakubaliana kuweka mkono kifuani. Na kila mgeni nilimuuliza: unataka kumwangusha nani? Aliyekuwa na jina tayari mdomoni nilimrudisha kwao.

Asubuhi ile miguu ilinipeleka kivukoni, nikaamua palepale kuvuka kwenda Lubunga. Wapiganaji wa waasi walikuwa wakikagua kila anayepanda mtumbwi, majani yamefungwa vichwani. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ya kuzuia risasi, na maji hayo yalikuwa na masharti. Asiyenyunyiziwa asimguse aliyenyunyiziwa. Akimgusa, dawa imekufa, na aliyeiua anajibu kwa roho yake. Kwa hiyo walitukagua kwa ncha za mikuki, kutoka mbali.

"Weye, simama! Mu gunia iko nini?"

"Kimono, chef. Nguo ya muchezo."

Mkuu wao, mtu mzima mwenye ndevu na koti la jeshi lisilo na vifungo, akaiinua kwa mkuki.

"Muchezo gani ya kuvaa kanzu ya mupadri?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Onyesha."

Hapo ndipo nilipotambua nilivyonaswa. Judo ni kushika. Huwezi kuonyesha bila kumkamata mtu nguo, na mbele yangu walisimama watu ambao kuwagusa ni kufa. Nikawageukia abiria wenzangu. Wote walirudi nyuma kwa pamoja.

Nikafanya kitu pekee ambacho hakihitaji mtu wa pili. Nilijitupa nyuma, nikaanguka, nikapiga ardhi kwa mkono. Ukatoka mlio kama wa risasi, mikuki ikainuka. Nikasimama taratibu, mikono wazi.

"Ni hiyo tu?" mpiganaji mmoja kijana akauliza. "Mwalimu ya kuanguka! Bibi yangu anajua, na hakufundishwa!"

Kicheko kikapanda. Mkuu akasogea, akasimama umbali wa mkuki.

"Donc, adui anatafuta batu yetu waanguke, na weye unabafundisha kuanguka. Nani alikutuma?"

"Hakuna, chef. Asiyejua kuanguka anavunjika shingo."

"Acha nijaribu," yule kijana akasema, na kabla hajazuiwa akaweka bunduki chini. "Lakini usinigusake!"

Nikamwelekeza kwa mdomo. Kidevu kifuani. Chuchumaa. Tazama kiuno chako, usitazame mbingu. Jiache. Mara ya kwanza alianguka kama gunia la mihogo, wenzake wakamzomea. Mara ya pili mkono wake ulipiga kabla ya mgongo, kama inavyotakiwa, na akainuka akitabasamu na udongo kichwani.

"Aa, lakini udongo imemugusa," mmoja akasema kwa utani. "Udongo iko na maji ya dawa?"

Nilimwona mkuu akiitazama ardhi, kisha akanitazama mimi, na nikajua anahesabu kama nimeiua dawa ya mtu wake kwa ujanja. Abiria mmoja nyuma yangu akaanza kuomba chinichini. Halafu mkuu akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Udongo ni ya kwetu," akasema. "Vuka. Kesho asubuhi urudie ufundishe bote. Mukaba itabaki kwangu, ili usisahau."

Akauzungusha mkanda wangu kwenye mkuki wake.

Nikapanda mtumbwi. Mpiga kasia, Mgenia, mmoja wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko, alinitazama mara nyingi kuliko alivyoutazama mto. Labda alinihurumia, labda alikuwa akiuweka uso wangu akilini ili aulizwapo aseme. Mimi nilikuwa nikifikiria lile anguko la pili. Lilikuwa zuri, nami nilifurahi kuliona, na furaha ile ikanitisha. Yule kijana sikuwa nimemuuliza anataka kumwangusha nani. Jibu lilikuwa pale chini, alipoiweka bunduki yake. Kabla hatujagusa ukingo nilikuwa nimeshaamua sitarudi. Wangenitafuta kwanza kwenye nyumba za karibu na maji.

Kwa hiyo nilipita nyumba hizo zote, nikaifuata reli, nikatembea mpaka jua likaanza kulala, nikafika nyumba ya mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyekuwa akianua mihogo.

"Mama, natafuta mahali pa kulala."

"Unatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Kazi gani?"

"Mulimaji."

Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu. Akautazama sana.

"Hii haikushikaka jembe," akasema. "Bon. Sitauliza tena, na weye usiniambie."

Akanipeleka uani kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo. Kulikuwa na mkeka na ndoo ya maji. Mlango ulikuwa imara, wa mbao za reli, na komeo lake lilikuwa upande wa nje.

"Nitafunga," akasema. "Kukipambazuka nitafungua. Kama hautaki, njia ni ile."

Nilimtazama usoni, nisione kama ananificha au ananinasa. Nikaitazama njia. Nikaingia, nikaweka gunia langu juu ya mkeka, nikasikia komeo likipita.