Kinyaa cha Kafedha

Kafedha binti Nzai alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na chongo. Nzi akitua ukingoni mwa kikombe, kikombe hicho hakitumii tena siku hiyo, hata kikioshwa mara ngapi. Mtu akitema mate njiani, yeye hukunja uso, akafunika pua kwa ncha ya leso, akavuka upande wa pili huku akinung'unika. Sasa mtu wa namna hii angefaa kazi gani? Pengine kupamba madhabahu. Yeye akawa msusi, kazi ya kushika vichwa vya watu na yote yaliyomo humo.

Hakuitafuta kazi hiyo. Mamake kule Rabai alikuwa msusi, na binti akarithi vidole vyepesi vya kupiga njia iliyonyooka toka kipaji cha uso mpaka kisogoni bila kumtoa mtu chozi. Mumewe Ruwa alipopata kazi ya reli wakahamia Changamwe, wanawake wa nyumba za reli walimgundua upesi. Kufikia mwaka wa arubaini na nane, kibaraza chake kilijaa kila Jumamosi tangu asubuhi, na waliokuja ni wake wa makarani na wa walimu, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba Kafedha ni msafi.

Na vichwa alivyoviona! Mba iliyoganda juu ya mafuta ya nazi ya wiki tatu, ukiikwangua inatoka na kuingia chini ya kucha. Mayai ya chawa yaliyoshikamana na unywele, hayaburuziki wala hayang'oki. Nyuma ya masikio, vipele vya usaha ambavyo mama mtu anakwambia ni joto tu. Watoto wenye upele baina ya vidole, wanajikuna, kisha mkono ule ule wanauweka juu ya goti lako. "Toa mkono wako hapo!" Kafedha hupiga ukelele, na mtoto hushtuka mpaka machozi yakamlengalenga. Hakuwa na huruma katika jambo hili. Uchafu ulimkera kama tusi.

Kwa hiyo alijiwekea sheria zake. Chanuo lake la pembe halikupita kichwa cha pili kabla ya kutiwa katika maji yanayochemka yenye magadi. Kijiti cha kupigia njia alikitupa motoni kila baada ya kichwa kimoja. Mikono aliosha kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko. Mwenye chawa hakuvuka ngazi, hata awe mke wa nani. Na kwa kuwa kusuka kwetu ni mtu kuketi chini mkekani na kulaza kichwa mapajani mwa msusi, mara shavu hili, mara shavu lile, Kafedha alikunja leso kuukuu mara nne akaitandika mapajani, ili mafuta na mba za watu zisimfikie yeye. Leso hiyo aliifua kila Jumapili baada ya kanisa.

Ng'ambo ya njia alikaa Mwanarehema, mjane mtu mzima aliyelea wajukuu wawili kwa mikono yake, naye pia msusi. Huyo alikuwa mwiba katika jicho la Kafedha. Magoti yalimvimba, hakuweza kukunja miguu mkekani, basi yeye alikaa kitini na mteja akakaa mbele yake juu ya kibao, kampa mgongo, kichwa wima. Chanuo lake lilikuwa na mapengo, na katika mapengo yale nywele za mtaa mzima zimejisokota. Angemenya muhogo, akafuta mikono kiunoni, akaendelea kusuka. Na lililomtoa Kafedha matapishi ni hili: kila akifika mwisho wa msuko, Mwanarehema alipeleka kidole ulimini, akakilowesha mate, akalaza kwa kidole hicho vinywele vya ukingoni. Mate! Kichwani mwa mtoto wa mtu!

"Mimi hata salamu yake naipokea kwa mbali," Kafedha alimwambia mumewe. Ruwa alicheka tu.

Basi Desemba ya mwaka huo, Krismasi ikikaribia na wasichana wa kwaya wote wakitaka kusukwa, punye ikaingia. Wa kwanza alikuwa Dorcas, bintiye Jerioth, Mtaita mmoja aliyekuwa mke wa mwalimu. Juu ya sikio la mtoto kilitokea kiduara, nywele zimekatika kama zimetafunwa, na ngozi imejaa magamba ya rangi ya jivu. Ukikigusa kinaachia unga. Wiki iliyofuata wakatokea wengine, na wengine tena, mpaka kwaya ikawa inaimba imejifunga vitambaa kichwani.

Jerioth alikuja kibarazani anawaka moto. "Dada Kafedha, tazama! Tazama mwanangu!"

Kafedha alitazama, akarudi nyuma hatua. "Nani alimsuka mara ya mwisho?"

"Wewe. Ila ile wiki uliyokwenda matangani Rabai, nilimpeleka pale ng'ambo."

"Hapo tena unauliza nini?" Kafedha akaonyesha kwa kidevu nyumba ya Mwanarehema. "Mate yale. Mimi n'lisema zamani, mkaniona nina maringo."

Maneno hayo hayakuhitaji miguu. Jioni hiyo hiyo yalikwisha kufika kisimani. Watu walioamkiana na Mwanarehema miaka yote wakaanza kupita kwake wakitazama upande mwingine, na siku ya tatu Kefa, dresa wa dispensari, kijana wa bara mwenye kaptula iliyopigwa pasi, akaja kutazama mwenyewe. Aliwaambia wanawake waziwazi alichojia. "Hii kitu inatembea kutoka kichwa mpaka kichwa. Lazima iko na mahali inatokea. Yule ambaye inatokea kwake, ataacha kusuka. Ijumaa narudi na mkubwa wangu, na yeye ndiye atakataza."

Kwa Kafedha alikuta sufuria inachemka, chanuo linang'aa, sabuni juu ya kisahani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa Mwanarehema aliliinua lile chanuo la mapengo kwa ncha za vidole viwili, na hapo hapo, maskini, kwa mazoea tu, bibi yule alikuwa anamaliza msuko wa mjukuu wake. Kidole kikaenda ulimini. Wanawake wakaguna kwa pamoja, Kafedha juu ya wote.

"Mama, unaona?" Kefa akasema.

"Naona nini, mwanangu? Wallahi punye mimi siijui. Hawa hapa wajukuu wangu, vichwa vyao navisuka mimi, kila juma. Watazameni!" Akawasukuma mbele watoto wawili. "Watazameni basi! Mkinikataza kusuka hawa watakula nini?"

Hakuna aliyewatazama. Kefa alikuwa akikagua vichwa vya wanakwaya walioletwa pale, akajisemea, kama mtu anayehesabu embe, kwamba ajabu, yote iko juu ya masikio, hakuna hata moja ya utosini. Kisha akaenda zake. Mwanarehema akabaki ameshika kile kibao. Kafedha alirudi ndani kwake kunawa uso.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Kafedha hakuwa amemwambia mtu, na hata nafsi yake alikuwa ameificha. Tangu mvua za vuli zilipoanza, paja lake la kulia lilikuwa linamwasha. Aliliita joto. Alipooga alipitisha mkono pale haraka haraka na macho ameyainua kwenye makuti, kwa sababu mtu mwenye kinyaa na miili ya watu huwa na kinyaa mara mbili na wake mwenyewe. Lakini asubuhi ya pili baada ya Kefa kuja, akiwa bafuni na kata ya maji mkononi, yale maneno ya juu ya masikio yalimrudia, na mkono ukasita. Akainamisha macho.

Choa. Kimekaa pajani duara kamili, ukingo umeinuka mwekundu, katikati pamepauka na kuchanika magamba yale yale ya rangi ya jivu. Na mahali kilipokaa ni pale pale ambapo kila mtoto hulaza sikio.

Alijifunga leso mbiombio, akaingia ndani, akaichomoa ile leso ya mapajani chini ya mkeka. Ilikuwa siku ya Alhamisi, imelaliwa na vichwa tangu Jumatatu. Akaifunua mkunjo wa kwanza. Harufu ya mafuta yaliyochacha ilimpanda puani. Akaifunua wa pili, na katika mkunjo kulikuwa na unga, mba, vipande vya nywele vilivyokatika, vya kila mtoto aliyesukwa juma hilo. Miaka yote hiyo ameitandika kujikinga yeye. Hao watoto hakuna aliyewakinga na leso, kila mmoja kalazwa juu ya taka za aliyemtangulia, shavu hili, shavu lile, na yeye Kafedha ameosha mikono mpaka viwikoni! Alikimbilia uani akatapika mpaka ikabaki nyongo.

Na hebu tusimsifu kabla ya wakati. La kwanza alilolifanya ni kuweka sufuria jikoni aichemshe ile leso kimya kimya. Nani angejua? Paja la mke wa mtu halionwi na mtu. Punye ingekwisha polepole, Ijumaa mkubwa angekuja akamkunjia Mwanarehema jamvi lake, na jina la Kafedha lingebaki jeupe. Maji yalianza kutokota. Akasimama dirishani akingoja, na pale njiani akamwona mjukuu mmoja wa Mwanarehema anamkimbilia Dorcas wacheze. Jerioth akamvuta bintiye kwa nguvu, akafunika pua kwa ncha ya leso, akavuka upande wa pili huku akinung'unika. Mtoto akabaki katikati ya njia anajinusa mikono.

Kafedha alizima moto.

Ijumaa wanawake walikwisha kujaa kwa Mwanarehema Kefa alipofika na mkubwa wake. Kafedha alikata katikati yao, akaitupa ile leso chini mbele ya wanaume wawili, haijafuliwa. "Hiyo ndiyo mliyokuja kuitafuta. Ni yangu. Nyinyi kaeni hapa nje. Mama Dorcas na wenzako, ingieni ndani." Ndani, mbele ya kitanda cha Mwanarehema, akapandisha leso aliyovaa mpaka pajani. "Punye ya watoto imetoka hapa na ikapita kwenye leso ile. Huyu bibi nimempaka matope bure."

Jerioth alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na usoni mwake Kafedha aliuona uso wake mwenyewe, ule ambao watoto wa Changamwe wameuona miaka yote. Akatamani ardhi immeze. Wanawake walitoka mmoja mmoja. Nje Kefa alikuwa ameiinua leso kwa kijiti, anawaambia amri ya mkubwa wake, kwamba mwenye leso hiyo asisuke mpaka apone, tangu leo kila mtoto aje kusukwa na leso yake, na bibi huyu atachemsha chanuo lake kama mwenzake, kisha asuke. Akapitisha mlangoni kikopo cha dawa.

Kafedha alikipokea, akakifungua, akachovya kidole. Kidole kikafika karibu na paja kikakataa. Akajaribu tena. Kikakataa tena.

"Lete," Mwanarehema akasema. "Laa haula. Hata mwili wako unauogopa?"

"Usiguse, dada. Kinaambukiza."

"Umenitia njaani juma zima, leo ndiyo waniogopea choa?" Hakucheka. Alijiinamisha kwa taabu juu ya magoti yale mabovu, akachukua dawa, akaipaka polepole kwenye ukingo wote, kisha katikati, kama apakaye mtoto wake mafuta. Alipomaliza ukabaki utepe mdogo wa dawa umetoka nje ya duara. Kwa mazoea tu ya miaka, akainua kidole kile kile kukipeleka ulimini aulaze.

Kafedha akamdaka mkono. Hakuwahi kumgusa mtu yule tangu wajuane. Aliushika hivyo hivyo, na dawa yake na magamba yake, akamwongoza bibi mpaka uani kwenye mtungi, akammiminia maji, akampaka sabuni, akaanza kumwosha kidole kimoja kimoja.