Siku Saa Yangu Iliporuka Nyimbo za Dada

Hii huwa wanaisimulia wengine mie nikiwa nimekaa palepale, tena wanaitia chumvi, basi leo acheni niiseme mwenyewe mwenye aibu yangu, maana ukweli wake ni mchungu kuliko chumvi yao yote. Mie ndiye yule Shabani wa Tabata aliyemfukuza dada yake nyumbani kwa spika, Jumapili asubuhi, mbele ya jogging nne. Ndiyo, nilivaa na fulana mpya.

Kwa asiyezijua jogging zetu za Dar, ni vikundi vya mitaani, watu mia, mara nyingine mia mbili, tunakimbia taratibu barabarani tukiimba mchakamchaka, mbele yetu kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) imebeba spika, na raha yote iko kwa yule anayeanzisha nyimbo, yeye anatoa mstari, sie tunaitikia. Kwetu aliyekuwa akianzisha ni dada yangu Mwanaidi. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, watu wa Kimanga walikuwa wanatoka na mswaki mdomoni kumsikiliza. Halafu akapata goita, ule uvimbe wa shingoni, akapasuliwa, akapona, sauti ikaenda. Iliyobaki inakwaruza na inatoka kwa shida, na yeye mwenyewe hataki watu waisikie, simu yake ikiita alikuwa ananipa mie nipokee. Baada ya kupasuliwa alikuja kwangu apumzike mwezi mmoja. Ikawa miezi saba.

Sasa, wiki moja kabla ya kupasuliwa nilimpeleka studio kwa jamaa yangu mmoja, akaimba nyimbo sita za mchakamchaka, na hilo ndilo jambo la maana pekee nililofanya katika mkasa huu wote. Jamaa akanipa nyimbo hizo kwenye mafaili ya FLAC, yaani yale makubwa ambayo hayapotezi hata chembe ya sauti, tofauti na MP3 ambazo zinabanwa na kupunguzwa. Tangu hapo nikawa mtu wa kuwasumbua watu. Mie ni MC wa jogging yetu, nashika kipaza sauti, basi nikajiona najua sauti kuliko wote (mtu akipiga MP3 kwenye sherehe nilikuwa nakunja uso kama niliyepewa chai ya chumvi).

Ikafika sherehe ya jogging yetu. Wageni wanatoka Temeke, Mwananyamala na Kinondoni, na mwenyekiti wetu, Mzee Kondo, akasema anamtaka Mwanaidi akae mbele kwenye gari, sie tukimbie nyuma ya sauti yake ya zile nyimbo za studio. Dada alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, akaniambia kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Sawa, Shabani, nitakuja. Waniskie nilivyokuwa." Alikuwa hajatoka mbele za watu tangu hospitali, kwa hiyo mnaelewa uzito wake.

Mudi, dereva wa kirikuu na ndiye mwenye spika, akanipigia Ijumaa. "Braza, niwekee zile nyimbo kwenye fleshi, MP3 tu, hii miksa yangu haina makuu."

Mie nikamjibu, na mke wangu alikuwepo akanisikia, "Unataka kumkata dada yangu koo mara ya pili?"

Nilicheka mwenyewe. Nikamwambia Mudi asihangaike, nitapiga FLAC kutoka kwenye saa yangu ya mazoezi kwa blututhi, maana nilikuwa nimejinunulia saa janja, inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inabeba na nyimbo. Kubadilisha mafaili sita kuwa MP3 ni kazi ya dakika mbili. Hizo dakika mbili ndizo nilizozikataa.

Jumamosi nikachomeka saa kwenye kompyuta, nikahamisha folda nzima inayoitwa "Dada." Majina ya nyimbo yakatokea kwenye saa, yote sita, nikaridhika. Kuzijaribu sikujaribu, spika za masikioni zilikuwa hazina chaji. Na kikaratasi cha ndani ya boksi, kile kilichoandikwa aina za mafaili ambayo saa inaweza kuyapiga, kilikuwa bado kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. (Nimekisoma baadaye. FLAC haimo.)

Lakini folda ya "Dada" haikuwa na nyimbo tu. Hapa ndipo naona haya hata kuendelea. Mie kama MC nina tabia ya kujirekodi kwenye simu kabla ya kuongea jambo zito, nisikilize kama linakaa vizuri. Na jambo zito nililokuwa nalo wiki zile ni kumwambia dada ahame, aende kwa kaka yetu Ramadhani, Mwananyamala. Nilijirekodi jikoni wakati hayupo, na kwa kuwa napenda vitu vikae mahali pake, kinachomhusu Dada nikakiweka kwenye folda ya Dada.

Jumapili kumependeza. Fulana za kijani, wageni wanashangilia, Dada yuko kiti cha mbele amevaa fulana yake ya zamani juu ya baibui, kina mama wanakuja dirishani kumsalimia, yeye anatabasamu na kuinamisha kichwa tu. Mzee Kondo akanipa ishara. Nikaunganisha saa na miksa, nikaweka saa kwenye mazoezi (nilitaka nihesabiwe na hatua, msinicheke), nikabonyeza wimbo wa kwanza, gari ikaondoka, tukaanza kukimbia.

Kimya. Saa ilikuwa inajaribu wimbo wa kwanza, haiuwezi, inaruka wa pili, hivyo hivyo mpaka wa sita, bila kunitaarifu chochote. Halafu ikakuta faili ambalo inaliweza.

Spika zikasema, kwa sauti yangu, "Dada, kaa hapo tuongee."

Na watu wa mchakamchaka, jamani, kazi yao ni kuitikia. Wale wa nyuma walidhani ndio mtindo mpya. Mamia ya watu wakajibu, "Tuongee!"

"Miezi saba sasa uko kwangu."

"Uko kwangu!"

"Mke wangu amechoka. Watoto wanalala sebuleni."

"Sebuleni!"

Nilikuwa nabonyeza saa kama mwendawazimu, lakini ikiwa kwenye mazoezi kioo kinajifunga, jasho lisije likakichezea, na mie vidole vilikuwa jasho tupu. Mudi alikuwa kwenye usukani, miksa iko nyuma imefungwa turubai, akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Shabani, kimbia mbali na gari, itakata yenyewe." Basi nikageuka, nikaanza kukimbia kinyume, naupasua umati wa jogging nne, kila mtu anakuja huku mie naenda kule, na nyuma yangu sauti yangu inafukuzana na mie, "Nimebeba vya kutosha, mie nimechoka," na umati, "Nimechoka!"

Ikakata. Nikasimama kwenye duka la mkaa, nikaikamata ile saa kwa mikono miwili, nikabonyeza kitufe cha pembeni kwa muda mrefu, ikatetemeka, ikaniandikia pongezi kwa mazoezi ya leo. Nikaamini nimezima kila kitu. Kumbe nilichozima ni hesabu ya mbio tu, si sauti.

Gari ilikuwa imesimama na hakuna aliyekuwa anaitikia tena. Nikarudi taratibu, watu wananipisha njia, nimeshapanga maneno ya kumwambia, nimefika hatua chache kutoka dirishani kwake, na saa ikaikumbuka miksa ikajiunga tena. Nyie, bora ingeishia pale kwenye "nimechoka." Kilichotoka sasa ni mazoezi yangu ya mara ya pili, baada ya kuona ya kwanza ni makali.

"Dada yangu mpenzi, wewe ndiye mama yangu," spika zikasema kwa upole kabisa. Halafu, "Hapa nishushe sauti kidogo, nionekane nimeumia."

Mudi akarukia nyuma akang'oa waya. Hilo nililojirekodi kwa simu, jikoni, maji yakimwagika kwenye karai, lilitoka safi, kila neno, mpaka pumzi.

Dada akafungua mlango wa gari. Akashuka, akakunja khanga yake begani, akaongea mbele ya wale watu kwa sauti ile aliyokuwa anaificha miezi saba, na kwa kuwa kulikuwa kimya wote waliisikia.

"Ungeniambia tu, Shabani. Ningeondoka siku hiyohiyo."

Nikasema, "Dada, nisamehe, nilikuwa najaribu tu maneno."

"Nimeyasikia," akasema. "Wewe ni MC mzuri."

Mzee Kondo alimsindikiza kwa miguu mpaka nyumbani. Mie hakuna aliyenisindikiza, na niliporudi nilimkuta mke wangu kasimama mlangoni anamtazama dada anakunja nguo, naye akanigeuzia mgongo, maana yeye pia alikuwa ametajwa kwenye spika, na yeye hakuwahi kusema amechoka. Hilo nilimsingizia. Aliyechoka nilikuwa mie. Kabla ya adhuhuri Kaka Ramadhani alishafika na bajaji.

Zile nyimbo nilizibadilisha kuwa MP3 jioni hiyo, zote sita, nikazisikiliza pamoja na FLAC zake, kwa spika nzuri, mara nyingi. Sikusikia tofauti. Nikamtumia Dada, akajibu, "Nimezipata, ahsante."

U-MC nimeuacha, au niseme nimeachishwa kwa heshima. Saa nimemuuzia mtu wa Segerea ambaye hakuuliza kwa nini. Na nimejiapiza: neno la ndugu yangu nitamwambia usoni likiwa bichi hivyohivyo, au nitalimeza, lakini sitalifanyia mazoezi tena kama naenda kusherehesha harusi.

Kila Jumapili naenda Mwananyamala. Nabisha hodi, nakaribishwa sebuleni, Dada ananiletea juisi kwenye trei yenye kitambaa, kama mgeni wa heshima, ananiuliza watoto hawajambo, mke hajambo, halafu tunakaa. Sauti yake imeanza kurudi kidogo, naisikia akiongea na wanawe Kaka huko uani, anawachekesha. Akija nilipo mie inapungua. Jumapili iliyopita nilikaa muda mrefu kuliko kawaida, nikitafuta pa kuanzia kumwomba radhi, na sikuwa nimejiandaa safari hii, nilitaka neno litoke lenyewe. Yeye akautazama mlango, akachukua glasi yangu, akaniambia taratibu kabisa, bila hasira, "Nenda, mdogo wangu. Usije ukachoka."