Ulimi wa Kuonjea Sabuni

Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Mamamkwe alitoka uani mbio, mwiko mkononi, akidhani nimemwangusha mjukuu wake. Alinikuta nimesimama mbele ya beseni la vyombo, nimeshika kikombe, uso umejaa furaha, na nilichoweza kumwambia ni kwamba povu limegeuka kijani.

"Povu?" akauliza. "Unaamusha mutoto kwa sababu ya povu?"

Ilikuwa siku ya thelathini na tatu tangu nijifungue. Nyumbani kwa mume wangu, hapa Kasongo, mzazi hukaa ndani mpaka arobaini itimie. Hafagii, hapiki, haendi kisimani. Mimi niliyezoea pikipiki ya kwenda kwetu Wamaza na kusimama darasani siku nzima nilikuwa karibu kupasuka kwa kukaa. Siku hiyo nilikuwa nimekunywa juisi ya maua mekundu ya ngai-ngai, ile mboga chachu, nikaamua kuosha kikombe mwenyewe kwa kuiba. Nilipokisugua kwa sabuni anayoipika mamamkwe, mabaki mekundu yakawa kijani. Nikadondosha juisi nyingine juu ya kipande cha sabuni chenyewe. Kijani, halafu papo hapo njano.

Lazima nieleze kwa nini jambo dogo hivyo lilinipandisha wazimu. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kwa miaka mitano nimeandika ubaoni kwamba kuna karatasi inayobadilika rangi ikiguswa na asidi au na besi, na karatasi yenyewe sijawahi kuiona. Aliyenifundisha mimi hakuwahi kuiona pia. Tulikariri rangi zake kwa Kifaransa, tukazijibu kwenye mtihani, tukafaulu. Kumbe kipimo kilikuwa kinaota nyuma ya choo cha shule! Nilifurahi na kukasirika kwa wakati mmoja.

Mume wangu, ambaye hanikatalii kitu tangu nimzalie binti, alizunguka kwa majirani akiazima glasi. Nikazipanga juu ya meza ya chumbani. Ndimu: nyekundu ya kuwaka. Maji ya muhogo uliolowekwa siku tatu: nyekundu pia, ila iliyopoa. Maji ya kisima yalibaki waridi tu, hayakutaka kuniambia lolote. Nilikamua hata matone ya maziwa yangu mwenyewe, yakawa zambarau iliyofifia, nikacheka peke yangu hadi machozi. Sabuni ya dukani: kijani. Maji ya majivu, yale ambayo mamamkwe hupikia sabuni yake: njano.

Darasani huchora ngazi, kuanzia sifuri hadi kumi na nne. Chini kabisa kuna uchachu mkali, ndiyo asidi. Juu kabisa kuna ukali wa majivu, ndiyo besi. Saba iko katikati na haina makali ya upande wowote. Kila kidato ni mara kumi, kwa hiyo ukipanda viwili umezidisha makali mara mia. Hiyo ndiyo pH, na wanafunzi wangu huisema vizuri sana bila kuamini hata neno moja. Sasa ngazi yote ilikuwa mezani kwangu, imejaa rangi, na nilitamani kuwaita wote waje wapange mstari dirishani.

Kisha nikaitazama glasi yenye sabuni ya mamamkwe. Njano. Ilikuwa imesimama pamoja na maji ya majivu, mbali na sabuni ya dukani kwa vidato viwili, labda vitatu. Furaha ikanishuka.

Maana sabuni ile si ya kuoshea vikombe tu. Katika ukoo huu, siku ya arobaini mtoto hunyolewa nywele zote, halafu bibi yake humwogesha, kuanzia kichwa kile kilichonyolewa sasa hivi mpaka nyayo, kwa sabuni aliyoipika kwa ajili ya siku hiyo. Mamamkwe amewaogesha hivyo watoto wa mtaa mzima. Huchoma maganda ya ndizi na mikungu mitupu ya michikichi, huchuja majivu, huchemsha maji yake pamoja na mawese, na kipimo chake ni ulimi. Hugusa sabuni kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, anaongeza mawese, kwa sababu, asemavyo yeye, mafuta yanakula makali. Isipouma, imeiva. Hajawahi kukosea, au tuseme hakuwahi, mpaka wavuvi wa Nyangwe walipomrudishia vipande wakisema vinakula mikono. Aliwajibu kwamba siku hizi hata wavuvi wana mikono ya mabibi arusi.

Hapo nikakumbuka chumvi. Tangu mwaka jana alikuwa akisema sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi, tena mbele ya wageni. Nilinuna miezi. Nilidhani hanipendi kwa kuwa natoka Wamaza na kwetu tunasali kanisani. Supu za uzazi alizonipikia mwenyewe zilikuwa na chumvi ya kukausha koo, nami nilizinywa nikihesabu kila bakuli kuwa adhabu. Sasa nilikaa kitandani nikaona aibu. Mama wa watu hakuwa ananikomoa. Ulimi wake ulikuwa umekufa, na yeye hakujua.

Kumwambia ningeweza, mdomo ninao, na mume wangu ni shahidi. Lakini kumwambia mpishi wa sabuni kwamba ulimi wake hauonji tena ni kumwambia akakae pembeni na wazee wasio na kazi. Nisipomwambia, ngozi ya binti yangu ndiyo itakayoungua. Nilizunguka na jambo hilo siku tano, nikinyonyesha na kuguna.

Siku ya thelathini na nane asubuhi, sufuria ilikuwa motoni uani. Kutoka dirishani nilimwona akichota sabuni kwa mwiko, akaipuliza, akaigusa kwa ulimi.

"Imeiva," akajisemea. "Haiumi hata kidogo."

Nikatoka nje na sinia la glasi, arobaini au si arobaini.

"Mama, njoo tuchezee kitu."

"Madamu, mimi niko na kazi. Na weye iko nini unatoka inje?"

"Kidogo tu, Mama."

Nikamwachia akamue ndimu mwenyewe juu ya juisi ya ngai-ngai iliyozimuliwa. Rangi ilipowaka alirudi nyuma hatua moja. Nikamimina maji ya majivu kwenye glasi nyingine, akashika kichwa. "Yoo! Hii iko uchawi?"

"Hapana, Mama. Iko somo."

Basi nikampoteza. Mama wa miaka sabini alikimbia jikoni akarudi na nyanya, nanasi, maji ya kuoshea mchele. Akaenda tena, akaleta vidonge vyake vya kiungulia, akavisaga, na rangi ilipoacha wekundu akapiga makofi. "Sasa naelewa! Hii dawa inakula uchachu wa tumbo, sawa vile mafuta inakula makali ya majivu." Nilitaka kumkumbatia. Nimefundisha somo hilo miaka mitano na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia hivyo. Alizipanga glasi upya yeye mwenyewe, chachu upande huu, kali upande ule, akinisukuma mkono nilipotaka kusaidia.

Kisha akasema, "Sasa tuweke yangu."

Mimi sikumwomba. Alichota sabuni sufuriani, akaikoroga kwenye maji, akadondosha juisi. Njano. Akaangalia glasi ya majivu, akaangalia yake. Akamwaga, akafanya tena. Njano ile ile.

Akachota kidogo na kuiweka ulimini, safari hii akaiacha muda mrefu. Halafu akaninyooshea mwiko. "Weye, onja."

Niligusa kwa ncha tu. Iliniuma mpaka machozi yakanitoka, na yeye alikuwa ananitazama usoni, kwa hiyo sikuhitaji kusema.

"Tangu lini?"

"Sijui, Mama."

"Na supu?"

"Ilikuwa na chumvi, Mama. Sana."

"Na ulikunywa yote?"

"Yote."

Alicheka kidogo, akajifuta uso kwa kitenge, na sikujua anafuta jasho au nini. Kisha akainuka akachukua dumu la mawese.

Tulipika mpaka alasiri. Aliongeza mafuta, akakoroga, nami nikadondosha juisi ya ngai-ngai. Njano. Njano iliyochoka. Kijani! Niliruka, nikasema tuipue, imefika. Akanizuia mkono.

"Bado. Toa ulimi."

Akaniwekea tone. Akaniuliza inauma wapi, mbele au pembeni; inauma sawa moto ama sawa chuma baridi; inaisha upesi ama inakaa. Nilijibu kama mwanafunzi, naye akinirekebisha: ile ya pembeni si makali, ni moshi tu, isikutishe. Kila mafuta yalipoingia nilitoa ulimi. Mwisho nikamwambia haiumi.

"Haiumi, ao hautaki kunihuzunisha?"

"Haiumi, Mama. Nakuapia."

Alinitazama hadi akaridhika, kisha akavuta kuni kutoka motoni.

Siku ya arobaini binti yangu alinyolewa na kuogeshwa. Alilia kwa wembe, kwa sabuni hakulia, na kichwa chake kilikauka laini bila hata kipele. Mama mmoja wa jirani alinusa kipande kilichobaki akauliza kama sabuni hii iko ya bibi kama zamani.

"Sabuni iko yangu," mamamkwe akajibu, akimfunga mtoto kwenye kitambaa, kisha akaninyooshea kidole mimi. "Ulimi iko ya huyu."