Mwandishi wa Matangazo Anayepima Maneno Kwenye Ungo wa Mama Mkwe

Jua halijapanda vizuri, na mama mkwe ameshaketi kwenye kigoda cha jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele. Mbele yake amesimama mke wa mwanawe, simu mkononi, nguo za kazini tayari, kiatu kimoja mguuni.

"'Tochi imara kwa maisha ya kisasa,'" anasoma.

Vidole vya mama mkwe vinaendelea kutoa mawe.

"'Angaza kila hatua yako.'"

Vidole havijali. Jiwe moja linarushwa nje ya dirisha.

"Haya, nimeelewa," anasema msomaji, anafuta mistari yote miwili na kuvaa kiatu cha pili.

Mwanamke huyu, ambaye kazini wanamwita Kalamu, huandika matangazo katika ofisi ndogo iliyo juu ya duka la rangi. Kwa miaka tisa, hakuna tangazo lake lililotoka bila kusomwa mbele ya ungo ule. Mkono wa mama ukisimama, maneno yana kitu. Usiposimama, anaanza upya.

"Ukimuuliza mtu kama tangazo ni zuri, atakujibu kwa adabu tu," anasema. "Mikono haina adabu."

Kisha ikaja akili mnemba. Waandishi walikuwa wanne. Watatu wakaagwa kwa soda na keki, naye akabaki anatazama meza tupu. Mwaka jana kiwanda cha chupa za chai kilipoleta kazi, meneja alimwambia bila kuzunguka: mashine itaandika, naye ataandika. Mteja akichagua ya mashine, meza yake nayo itatolewa. Na mshahara ule ndio uliokuwa ukisomesha watoto wake wawili.

"Niliogopa, sikufichi. Nilikuwa naichukia ile kompyuta kama mke mwenza."

Mashine ilitoa mistari hamsini kabla hajamaliza kikombe cha chai. Akaipeleka yote jikoni, pamoja na ya kwake. "Chai moto kutwa." "Chupa imara, familia yenye furaha." Mchele ulichambuliwa ukaisha, na mkono haukusimama, si kwa ya mashine wala kwa ya kwake.

"Nikachoka. Nikamuuliza, 'Mama, kwani kwako wewe chupa ya chai ni ya nini?' Akanijibu, 'Ya baba yenu.'"

Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa dereva wa lori. Saa yake ya kurudi haikujulikana, na mkewe hakuwa akilala kabla ya kumjazia chupa na kuiacha mezani.

"Sikutaka aingie akute nyumba imelala, adhani tumemsahau," mama mkwe anaeleza bila kuinua macho.

Siku ile Kalamu aliingia chumbani, akaandika, akarudi kusoma: "Hata wa mwisho kurudi atakunywa ya moto."

Mkono ukasimama. Mama mkwe akaweka ungo chini, akalia kidogo, kisha akamlaumu mkwewe kwa kumchelewesha kupika.

Kiwanda kilichagua mstari ule. Meza ikabaki mahali pake.

Siku hizi Kalamu na mashine wamepatana. Kila kazi mpya anaanza kwa kuiuliza, kisha anaweka kando karibu yote inayomjibu.

"Inanipa yale yote yaliyokwisha kusemwa, nami nikishayaona najua nisipite wapi. Inanisaidia sana. Ila haijawahi kumsubiri mtu arudi nyumbani."

Meneja amemruhusu kutafuta mwandishi mwenzake, na tangu wale watatu waondoke hakuna habari iliyomfurahisha zaidi. Vyeti ataviangalia, anasema, lakini swali atakaloanza nalo ni moja: nyumbani kwenu, nani anachambua mchele?

Asubuhi hii bado hana mstari wa tochi, na mteja anausubiri kabla ya adhuhuri. Anabeba mkoba, anaaga.

"Hiyo tochi yenu," mama mkwe anasema, macho kwenye ungo, "mimi naitaka ya kwenda kuwafunika watoto usiku bila kuwaamsha."

Safari hii mkono uliosimama ni wa Kalamu, juu ya kitasa cha mlango. Anaweka mkoba chini na kuvua viatu.

"Hebu rudia, mama."